Fedha ya nano na majani ya mwarobaini: tathmini ya dawa ya vidonda ya kupulizia

Katika maduka ya dawa za asili yaliyoko Kariakoo, Dar es Salaam, siku hizi haikosekani chupa ndogo ya mililita 100 yenye kichwa cha kupulizia, inayoelezwa kuwa ni dawa ya vidonda iliyotengenezwa kwa chembe za nano za madini ya fedha na majani ya mwarobaini. Niliyoinunua iliuzwa Sh 18,000. Muuzaji, kijana mwenye adabu na maneno mengi, alinihakikishia kwamba "hii, dada yangu, haina kemikali hata kidogo", na kwamba inatibu kuanzia mchubuko wa mtoto hadi kidonda cha kisukari kilichoshindikana. Kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kuotesha usaha na mikojo ya wagonjwa ili kujua ni bakteria gani waliomo na ni dawa gani inayowaua, niliona ni vema kuichunguza bidhaa hii kwa utaratibu badala ya kuipuuza au kuisifia kwa kusikia. Chapa yake siitaji, kwa sababu chupa nyingine zilizopangwa kando yake zilikuwa na lebo zenye maneno yale yale na upungufu ule ule, na kumtaja mmoja kungewasafisha wengine wasiostahili.

Nianze na hilo la kutokuwa na kemikali, maana ndilo linalouza. Chembe za fedha za aina hii hazichumwi mtini. Mtengenezaji huchukua chumvi ya fedha iitwayo nitrati ya fedha, ambayo ni kemikali ya maabara inayobabua ngozi na kuitia weusi ikiwa nzito, akaiyeyusha katika maji safi, kisha akaichanganya na maji ya majani yaliyochemshwa na kuchujwa. Katika tafiti nyingi kiwango kinachotumika ni milimoli moja kwa lita, yaani takribani gramu 0.17 za nitrati ya fedha katika lita nzima ya maji. Viambata vya majani, hasa polifenoli, flavonoidi na protini, hutoa elektroni kwa ioni za fedha (atomi za fedha zilizopungukiwa na elektroni), nazo zikageuka kuwa fedha kamili inayojikusanya katika chembe zenye upana wa nanomita chache hadi makumi kadhaa (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Viambata hivyo hivyo huzizunguka chembe na kuzizuia zisigandamane. Mtu aliyesimama mbele ya chupa huona mabadiliko hayo kwa macho: maji yasiyo na rangi huwa ya njano, kisha kahawia, kwa sababu chembe za fedha za ukubwa huo hufyonza mwanga wa kati ya nanomita 400 na 450 hivi. Mwarobaini wenyewe una historia ya heshima katika jambo hili, kwani watafiti wa Maabara ya Taifa ya Kemia iliyoko Pune, India, walichapisha mwaka 2004 namna ya kutengeneza chembe za fedha na za dhahabu kwa mchuzi wa majani yake.

Faida ya njia ya majani ni ya kweli, lakini iko kiwandani zaidi kuliko kwenye kidonda. Njia za kawaida za kikemikali mara nyingi hutumia vitoa elektroni vikali kama borohidridi ya sodiamu, ambavyo vinahitaji uangalizi katika kuvitumia na kuvitupa, ilhali majani hupatikana bure na mabaki yake hayamdhuru mtu. Hasara yake ni kwamba jani la masika si jani la kiangazi. Umri wa jani, udongo, muda wa kuchemsha na hata namna lilivyokaushwa hubadilisha kiasi cha viambata, na hivyo hubadilisha ukubwa na umbo la chembe zinazotoka. Mtengenezaji makini hupima kila toleo kabla ya kulitia kwenye chupa. Chupa yangu haina namba ya toleo.

Lebo yake inasema mambo mengi ambayo hayana msaada na inanyamazia yale yenye msaada. Imeandika kuwa fedha iliyomo ni ppm 20, yaani miligramu 20 kwa lita, na hiyo ndiyo takwimu pekee ya maana. Haisemi ukubwa wa chembe, ingawa ukubwa ndio unaoamua mengi: kadiri chembe inavyokuwa ndogo, ndivyo eneo lake la juu linavyokuwa kubwa kwa uzito ule ule na ndivyo inavyoachia ioni nyingi zaidi. Haisemi ni sehemu gani ya fedha hiyo iliyo katika chembe na ni sehemu gani iliyobaki kama ioni zisizobadilishwa, tofauti ambayo mnunuzi hawezi kuiona kwa macho. Haitaji namba ya usajili ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, wala ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Badala yake imechorwa jani la kijani na darubini.

Tuichukue hiyo ppm 20 tuifanyie hesabu. Katika mililita 100 mna miligramu 2 za fedha. Krimu ya kawaida ya sulfadiazini ya fedha ya asilimia 1, inayotumika kwa watu walioungua moto tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ina takribani miligramu 3 za fedha katika kila gramu moja. Kwa maneno mengine, gramu moja tu ya krimu hiyo ina fedha zaidi ya chupa yangu yote. Hili peke yake halimaanishi kwamba dawa ya kupulizia haina nguvu, kwa kuwa fedha ya kwenye krimu imefungwa katika kiambata kisichoyeyuka kwa urahisi na huachiwa polepole. Hata hivyo, linamtaka mnunuzi asidhani kwamba neno "nano" linafidia kila upungufu. Chembe za nano huua bakteria hasa kwa kuachia ioni za fedha, zinazonasa kwenye salfa ya protini za bakteria, zikavuruga utando wake na upumuaji wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha hilo mwaka 2012 walipoziweka chembe hizo mahali pasipo na hewa ya oksijeni, ambako haziwezi kuachia ioni, na zikashindwa kuwadhuru bakteria waliokuwa wakifa kwa urahisi hewa ilipokuwepo.

Maabarani niliijaribu dawa hiyo kwa njia tunayoitumia kwa dawa nyingine, ya vidoo, yaani vipande vya mviringo vya karatasi, vyenye upana wa milimita 6 vinavyoloweshwa dawa na kuwekwa juu ya kisahani kilichopandwa bakteria, kisha kisahani kikakaa kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea bakteria, usiku kucha. Nilitumia bakteria wa kulinganishia wanaojulikana katika maabara nyingi: Escherichia coli ATCC 25922, Pseudomonas aeruginosa ATCC 27853 na Staphylococcus aureus ATCC 25923. Kando niliweka kidoo cha maji safi, na kingine cha maji ya majani ya mwarobaini niliyoyachemsha mwenyewe, kwa sababu bila hicho cha pili mtu hawezi kujua kama kinachofanya kazi ni fedha au ni jani.

Asubuhi yake dawa ilikuwa imeacha duara jembamba lililo safi kuzunguka kidoo kwenye kisahani cha E. coli na cha Pseudomonas, na alama hafifu mno kwenye cha Staphylococcus. Maji ya majani peke yake hayakuacha chochote, wala maji safi. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ya bakteria haikunishangaza. E. coli na Pseudomonas wana ukuta mwembamba wa peptidoglikani chini ya utando wa nje, ilhali Staphylococcus amejivika ukuta mnene ambao fedha huchelewa kuupenya, na tafiti nyingi zimeripoti mwelekeo kama huo. Kwa mnunuzi, hata hivyo, jambo hili ni zito, kwa sababu Staphylococcus aureus ndiye anayeongoza katika majipu na katika vidonda vingi vya ngozi vinavyotoa usaha. Dawa ya vidonda inayomgusa huyu kwa wasiwasi imekosa mlengwa wake mkuu.

Inanibidi niitendee haki bidhaa hii kwa kusema kwamba duara jembamba si ushahidi wa udhaifu. Chembe za fedha hazisambai vizuri ndani ya aga, ule ute mgumu wa kisahani wanamooteshwa bakteria, na kloridi iliyomo kwenye chakula cha bakteria hunasa sehemu ya ioni kabla hazijafika mbali. Aidha, hakuna kipimo cha kimataifa kinachosema duara la milimita fulani maana yake ni kwamba fedha inafaa, kama vilivyopo kwa antibaiotiki kama siprofloksasini au jentamisini. Kwa sababu hiyo, wauzaji wanaochapisha picha za visahani vyenye maduara na kuyalinganisha na maduara ya antibaiotiki wanalinganisha vitu visivyolinganishika.

Jaribio lililonipa picha ya wazi zaidi halikuhitaji inkubeta. Nilimimina kiasi kidogo cha dawa katika mirija miwili ya kioo, mmoja nikautia maji safi na mwingine maji ya chumvi ya hospitali ya asilimia 0.9, yale yanayotumika kuoshea vidonda. Wa kwanza ulibaki na rangi yake ya chai hafifu. Wa pili ulififia, ukawa wa kijivu, na baadaye ukaacha mashapo chini. Chumvi huondoa msukumano wa umeme unaozitenga chembe, zikashikana, na kloridi yake huungana na ioni za fedha kuwa kloridi ya fedha isiyoyeyuka kwa urahisi. Majimaji ya kidonda yana chumvi karibu kiasi hicho hicho, na juu yake yana albumini na protini nyingine zinazonyakua ioni. Ndiyo maana watengenezaji wa bandeji za fedha ya nano zinazotumika hospitalini huelekeza ziloweshwe kwa maji safi yasiyo na vimelea, wala si kwa maji ya chumvi. Lebo ya chupa yangu inaelekeza kinyume kabisa: "Osha kidonda kwa maji ya chumvi, kisha pulizia mara moja." Aliyeiandika hajawahi kuitazama dawa yake mwenyewe ndani ya mrija.

Kuna pia ile ahadi ya kuua "asilimia 99.9 ya bakteria wote". Tuseme ni kweli, na kidonda kina bakteria milioni moja. Baada ya kupulizia watabaki 1,000. E. coli akiwa katika mazingira mazuri ya maabara hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, na kwa mwendo huo 1,000 hao hurudi kuwa milioni baada ya migawanyiko kumi, yaani saa tatu na dakika ishirini. Kidondani mwendo ni wa polepole zaidi na kinga ya mwili nayo inapigana, lakini hesabu inaonyesha kwa nini dawa ya kupakwa mara moja kwa siku, isiyobaki mahali pake na kuendelea kuachia ioni, haiwezi kujivunia tisa tisa hizo. Katika vidonda vya muda mrefu hali ni ngumu zaidi, kwa maana bakteria wamejijengea utando wa ute ambao dawa nyingi huishia juu yake.

Kwa matumizi ya kawaida bidhaa ina mazuri yake. Niliitumia kwenye michubuko na mikwaruzo ya jikoni, na haiwashi hata kidogo, jambo ambalo mzazi mwenye mtoto anayekimbia akiona chupa ya spiriti atalithamini. Harufu yake ni ya majani yaliyochemshwa, si mbaya. Kichwa cha kupulizia hutoa ukungu laini mno, unaofaa kwa sehemu pana ya ngozi lakini ni kero chumbani, kwa kuwa mtu huuvuta puani, na chembe za fedha hazina shughuli yoyote mapafuni. Kitambaa cheupe hubaki na doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni. Kosa kubwa la ufungashaji ni kwamba chupa ni ya plastiki angavu, na dukani ilikuwa imepangwa kwenye kioo cha mbele kinachopigwa jua la mchana. Fedha na mwanga havipatani, na picha za zamani zilitengenezwa kwa kutegemea jambo hilo hilo. Chupa ya rangi ya kahawia au ya bati ingeongeza gharama kidogo tu.

Yote hayo ningeweza kuyavumilia. Ninalolikataa bila masharti limeandikwa nyuma ya chupa kwa herufi ndogo: kwamba dawa hiyo hiyo inaweza kunywewa, vijiko viwili vya chakula kwa siku, kwa ajili ya "kusafisha damu, UTI sugu na vidonda vya tumbo". Vijiko viwili ni mililita 30, na mililita 30 za ppm 20 zina miligramu 0.6 za fedha. Shirika la Mazingira la Marekani limeweka kiwango cha mikrogramu 5 za fedha kwa kila kilo ya mwili kwa siku kuwa ndicho mtu anachoweza kuishi nacho maisha yote bila madhara, ambacho kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 0.3. Dozi ya lebo ni mara mbili ya hapo, kila siku, bila kusema ikome lini. Fedha inayozidi hujikusanya kwenye ngozi, na mwanga wa jua huigeuza kuwa ya kijivu na bluu, hali iitwayo ajiria, isiyofutika. Si hadithi za kutishia watoto: Stan Jones, aliyegombea useneti katika jimbo la Montana mwaka 2002, alijulikana Marekani nzima kwa ngozi yake ya bluu iliyotokana na kunywa maji ya fedha aliyojitengenezea nyumbani. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, ilikwisha kutamka mwaka 1999 kwamba dawa za fedha za namna hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinatibu ugonjwa wowote. Kwa mgonjwa wa UTI madhara mengine ni ya haraka kuliko rangi ya ngozi, kwa kuwa wiki anazopoteza akinywa vijiko ndizo bakteria wanazozitumia kupanda hadi kwenye figo.

Muuzaji alikuwa na hoja nyingine ambayo nimeisikia hata kwa watu waliosoma, kwamba bakteria hawawezi kuizoea fedha. Wanaweza. Mwaka 1975 iliripotiwa kutoka Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston, aina ya Salmonella iliyotokea katika wodi ya majeruhi wa moto ikiwa sugu kwa nitrati ya fedha, na vinasaba vya usugu huo baadaye vilichambuliwa kimoja kimoja. Kuhusu chembe za nano zenyewe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Palacký, Olomouc, katika Jamhuri ya Cheki, walionyesha mwaka 2018 kwamba E. coli na Pseudomonas wakikutanishwa nazo mara kwa mara huanza kutoa kwa wingi flajelini, protini inayojenga mkia wao wa kuogelea, nayo huzigandisha chembe hadi zikose nguvu. Sehemu iliyonivutia katika utafiti huo ni kwamba dondoo la maganda ya komamanga lilizuia utengenezaji wa protini hiyo na kuirudishia fedha makali yake. Huo ndio mmea uliofanya kazi ya kueleweka ndani ya dawa, nao ni tofauti kabisa na jani lililochorwa kwenye lebo kwa ajili ya kupendeza.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba nanoteknolojia ni utapeli wa Kariakoo. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa chujio la maji linalotumia mchanga na chembe za nano, na thamani ya kazi yake ilitokana na kupima maji ya mahali husika kwanza na kutengeneza chujio baadaye. Bandeji za fedha nazo zinatumika katika hospitali nyingi duniani, ingawa hata kwa hizo mapitio ya mwaka 2010 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalihitimisha kwamba ushahidi haukutosha kusema zinazuia maambukizi ya vidonda au zinaharakisha kupona. Ikiwa bandeji zilizojaribiwa kwa wagonjwa hospitalini hazijapata cheti cha namna hiyo, chupa isiyo na namba ya toleo haina sababu ya kuzungumza kwa sauti kubwa kiasi hicho.

Kati ya nyota tano ninaipa mbili, zote kwa ajili ya matumizi ya nje kwenye michubuko midogo iliyooshwa kwa maji safi ya bomba na sabuni. Mwenye kidonda cha kisukari, aliyeungua eneo pana, mwenye jipu linalosambaa wekundu au mwenye homa pamoja na kidonda asiitegemee. Aende kituo cha afya na aombe usaha wake uoteshwe kabla ya kuanza antibaiotiki. Mtoto mchanga asipuliziwe kabisa. Ambaye tayari anayo aihifadhi kabatini gizani, na akiona imekuwa ya kijivu au ina mashapo aitupe, kwa sababu chembe zake zimekwisha kushikana.

Mtengenezaji akiandika ukubwa wa chembe, namba ya toleo na namba ya usajili, akaitia kwenye chupa isiyopitisha mwanga, akafuta maelekezo ya maji ya chumvi na yale ya kunywa, nitainunua tena na kuipima upya bila kinyongo. Kwa sasa Sh 18,000 hizo zinatosha kununua povidoni ayodini, gozi na plasta katika duka la dawa lililosajiliwa, na chenji ikabaki.